Kimya cha Siku Mbili

Tarehe 3 Machi

Wifi yangu Haloo,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwako, kutoka kwangu mimi, na kutoka kwa cherehani, ambayo ndiyo inayonisemesha siku hizi. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto linalonikumbusha umri kila nikikanyaga pedali. Mama wa duka la dawa anakusalimu sana. Kila nikipita kwake anauliza unarudi lini, nami nampa jibu lile lile, mpaka najiona kasuku.

Kazi ipo. Shule imeniletea oda ya sare mia na arobaini, na vipimo alivyoandika mwalimu wao havieleweki. Kuna mtoto kaandikiwa kiuno kikubwa kuliko urefu wa sketi. Nimeamua kukata kwa akili yangu na wenyewe watagawana.

Ya nyumbani: bomba la jikoni limepona. Karani wa kanisa amelirudisha lile kabati la marehemu mama yako. Alilileta kwa mkokoteni, akasema kanisa limeona si vizuri kukaa nalo baada ya msiba. Nimeliweka koridoni, limeziba nusu ya njia, napita kiubavu. Niambie nilipeleke wapi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini kuandika. Ulipoondoka, mwezi mmoja baada ya kumzika kaka yangu, uliniambia unakwenda siku thelathini kupumzika kwenye hiyo nyumba ya sala. Siku thelathini zimeisha jana. Nilitandika kitanda chako nikafagia chumba, nikakaa sebuleni nimeshika tama mpaka giza likaingia.

Mtu aliyepokea simu za hospitali miaka ishirini na mbili, akamwambia kila mgonjwa na kila mwehu "haloo, nikusaidie nini", leo amehamia mahali ambapo watu hawasemi! Kaka angekuwepo angecheka mpaka kikohozi kimshike. Yeye ndiye aliyekubandika hilo jina la Haloo, na mimi akaniita Pindo kwa sababu ya kupinda nguo za watu tangu nikiwa msichana. Sasa hakuna wa kutuita hivyo isipokuwa sisi wenyewe.

Niandikie unarudi lini.

Wifi yako,
Pindo


Tarehe 19 Machi

Wifi yangu Pindo,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, na nimefurahi kwamba goti bado linalalamika, maana nikisikia limenyamaza nitajua hukanyagi tena pedali. Mimi sijambo. Msalimie mama wa duka la dawa na umwambie ule mzizimo wa miguuni umepungua.

Samahani kwa kuchelewa. Simu zetu ziko kwenye kopo la biskuti ofisini kwa Mama Mlezi, mkuu wa nyumba hii, na barua zinaondoka mara moja tu kwa wiki, Jumatano, na gari la mikate. Kwa hiyo ukiona sijaandika usidhani nimekutupa.

Chumba changu kina kitanda, meza, kiti na misumari mitatu ya kutundikia nguo. Dirisha linatazama ukuta wa chumba cha kufulia, na huko ndiko ninakofanya kazi asubuhi. Tunakunja shuka wawili wawili, kila mmoja kashika pembe mbili, na hatusemi. Mwenzangu ni mzee aliyekuwa dereva wa lori. Siku tatu za kwanza tulivutana kama tunagombea shuka, kisha mikono ikazoeana.

Uliniuliza siku nyingi zilizopita, kabla sijaja, huku wanasali vipi. Nitakueleza. Mara tatu kwa siku tunakusanyika ukumbini, hakuna kinanda wala mwalimu wa kwaya. Mtu yeyote anaanzisha mstari mmoja mfupi, wengine wanampokea, na mstari huo unarudiwa. Wa wiki hii ni "Upo, Bwana, nami nipo." Basi, hakuna ubeti wa pili. Unaimbwa mara thelathini, mara sitini, hakuna anayehesabu. Sheria ni moja: aliyeanzisha ndiye anayemaliza. Mwingine haruhusiwi kuukata. Mwenyewe akiona umetosha anashusha sauti, nasi tunashuka naye, wimbo unakwisha. Halafu tunakaa kimya robo saa, wakati mwingine nusu.

Wiki ya kwanza kimya hicho nilikitumia kuhesabu vioo vya madirisha. Viko arobaini na vinane, viwili vimepasuka. Wiki ya pili nilifikiria sufuria. Sasa hivi sijui nafikiria nini, lakini muda unapita na sikimbii.

Nimeomba kuongezewa siku. Wageni wanaruhusiwa miezi sita, yaani kwangu ni mpaka mwisho wa Julai. Ikifika hapo mtu anachagua, ama anarudi kwake, ama anaomba kupokewa kuwa mtu wa nyumba hii moja kwa moja. Usinune. Bado ni mbali.

Wako,
Haloo


Tarehe 6 Aprili

Wifi Haloo,

Salamu. Huku wote wazima, yaani mimi. Sare zimekwisha, mwalimu amesema hajawahi kuona sketi zilizokaa vizuri hivi, nikanyamaza na siri yangu.

Sijanuna. Nimekasirika tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Siku thelathini zimekuwa miezi sita, miezi sita itakuwa nini? Mimi sipingi sala. Unajua kanisani nakaa benchi la tatu na sauti yangu inasikika mpaka barabarani. Lakini Mungu si kiziwi, wifi. Kwa nini mumwimbie mstari mmoja mara sitini kama mnamfundisha kusoma? Na mkishanyamaza mnangoja nini? Nauliza kweli, si utani. Nikikaa kimya humu ndani, ninachosikia ni jokofu.

Wenzake kaka, wale wa kiwanda cha uchapaji, walikuja Jumamosi na vitu vyake: aproni yenye wino, miwani, na kikombe. Walikaa dakika kumi, wakanywa chai, wakaniambia alikuwa mtu wa kupanga herufi kwa mkono hata pale mashine ingefanya upesi zaidi. Wakaondoka. Nilipokuwa naosha vikombe nikagundua nilikuwa nimeweka na cha kwako.

Kuhusu kabati hujanijibu. Bado liko koridoni. Juzi nimeligonga kwa goti lile lile.

Hapa chini nilikuwa nimeandika jambo la ile wiki yake ya mwisho, nimelifuta. Usijisumbue kulisoma.

Pindo


Tarehe 2 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Kwangu hakuna jipya isipokuwa mzee wa lori alishikwa na homa, nikakunja shuka na ukuta wiki nzima, nimefunga pembe mbili kwenye msumari. Amepona sasa. Ndiye mwenye sauti mbovu kuliko wote na ndiye anayependa kuanzisha.

Nimeona ulipofuta. Niliinua karatasi dirishani nikashindwa, maana umefuta kama unavyoshona, mara tatu juu ya mstari mmoja. Na mimi kuna ambayo sijayasema. Tuyaache.

Umeniuliza tunangoja nini. Nilimpelekea Mama Mlezi swali lako akasema wifi yako ana akili, mwambie hatujui. Mimi nitakwambia ninavyoona. Miaka yote ile kwenye mtambo wa simu nilikuwa nasikiliza ili nijue nimuunganishe mtu na nani. Daktari, wodi, chumba cha maiti. Sikuwahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho, kazi haikuniruhusu. Hapa ule mstari ukirudiwa mara kumi unauimba na akili yako inatangatanga. Mara ishirini umeuchoka na unamchukia aliyeanzisha. Halafu, sijui mara ya ngapi, unaacha kuusukuma. Unaimbika wenyewe, kama pumzi. Wimbo ukiisha, kile kimya kinachobaki si kama cha jokofu lako. Ni kama umeinua mkonga wa simu na upande wa pili kuna mtu, hajasema neno, lakini unajua hajakata.

Imenitokea mara mbili tu, wifi, katika miezi mitatu. Siku nyingine zote nakaa pale na mgongo unaniuma na nalia bila sauti, kwa sababu nikiimba "nami nipo" najua nasema uongo.

Jaribu hata peke yako. Usidharau kabla hujaonja.

Haloo


Tarehe 21 Mei

Wifi,

Salamu nyingi na aibu kidogo. Keti kwanza.

Nimejaribu. Peke yangu nilishindwa, nilijisikia kama mtu anayesema na cherehani, na hilo nimeshalizoea. Kwa hiyo Jumapili alasiri nikawaalika watu: mama wa duka la dawa, yule mpima ardhi mstaafu wa nyumba ya pili, na wale dada wawili wanaouza maua. Nilipanga viti sebuleni kwa mduara, nikawaeleza sheria kama ulivyoniandikia. Mpima ardhi akauliza kama kuna kitu cha kusaini.

Nikaanzisha. "Upo, Bwana, nami nipo." Wakapokea. Mwanzoni dada mmoja wa maua alikuwa anazuia kicheko, nami nikamtupia jicho. Kisha, wifi, ikaanza kukaa vizuri. Mpima ardhi ana besi nzito, nani angejua? Miaka kumi na moja jirani yetu na hatukuwahi kusikia ile sauti ikisema zaidi ya habari za asubuhi. Sebule ilijaa. Nilisikia kiti cha kaka yangu kikitetemeka sakafuni kwa ile besi.

Nikaona sasa inatosha, nishushe. Nikashindwa. Ningeshusha, wangeshuka nami, tungekaa hiyo robo saa, halafu wangeshika mikoba yao na kila mtu angekwenda kwake. Nikasema nirudie mara moja tu. Nikarudia. Nikasema moja tena. Na wao, masikini, si niliwaambia mwingine haruhusiwi kuukata? Waliimba kwa adabu. Jua likahama kutoka dirisha hili mpaka lile. Dada wa maua sauti ikamkauka akawa anachezesha midomo tu. Mpima ardhi miguu ikamvimba akavua viatu. Saa moja na dakika hamsini, wifi, mstari mmoja.

Mwishowe mama wa duka la dawa akainuka, akaja akanishika bega, akasema, "Sisi hatuendi mbali, dada. Tunaishi hapa hapa." Ndipo nikanyamaza. Hapakuwa na kimya chochote baada ya hapo, nilikuwa nalia kwa kwikwi na mpima ardhi anatafuta soksi zake.

Niko mpweke. Sikuwahi kuliandika neno hilo, na sasa nimeliandika. Nilikuwa nakaa chumba cha uani kwenye nyumba yenye kaka na wifi, sasa nina nyumba nzima. Ningependa urudi. Sikulazimishi. Ningependa tu.

Pindo


Tarehe 15 Juni

Wifi yangu,

Barua yako niliisoma chumba cha kufulia nikacheka mpaka mzee wa lori akavunja kanuni akaniuliza kuna nini. Kisha nikafika pale kwenye bega nikaacha kucheka. Nimekuombea kila siku tangu hapo, kwa jina lako la utani, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa moyo. Mama Mlezi nilipomsimulia alisema ile saa moja na dakika hamsini huenda ilikuwa sala kuliko zetu zote za mwezi huu.

Nimechukua wiki mbili kupata ujasiri wa kuandika yanayofuata. Nimeamua kuomba kupokewa hapa moja kwa moja. Nitamwambia Mama Mlezi mwisho wa Julai. Usinisubiri, wifi, na usitandike tena kile kitanda. Lile kabati ligawe kwa yeyote.

Unastahili kujua sababu. Hilo kabati, kaka yako aliwapa watu wa kanisa bila kuniuliza. Nilirudi kutoka kazini nikakuta alama nne za miguu yake sakafuni. Alisema walitaka mahali pa kuweka vitabu vya nyimbo, na nguo zetu sisi ni chache. Ni kweli zilikuwa chache. Sikumjibu. Unajua nilivyo, mchana kutwa nasema na watu nisiowajua, nikiudhika nyumbani nafunga mdomo, na nikifunga nimefunga. Jumatatu sikumsemesha. Jumanne sikumsemesha. Nilimwekea chakula nikageuka. Jumatano asubuhi alisimama mlangoni na koti lake, akaaga, akangoja kidogo. Nilikuwa napiga mswaki. Ningeweza kutema nikasema neno lolote. Akaondoka.

Saa tano walipiga simu hospitali kutoka kiwandani, kuomba gari la wagonjwa. Moyo wa mtu wao ulikuwa umesimama. Nani alipokea? Mimi. "Haloo, nikusaidie nini." Wakanitajia jina.

Kwa hiyo wale wote wanaonisifu kwamba nimeacha dunia nikafuata utulivu, hawajui. Niliondoka kwa sababu humo ndani kila nikinyamaza nilikuwa namnyamazia yeye. Hapa kunyamaza kwangu hakumuumizi mtu. Mama Mlezi sijamwambia. Naogopa ataniuliza kama nimekuja kumtafuta Mungu au kujificha.

Nisamehe.
Haloo


Tarehe 28 Juni

Wifi,

Leo sina salamu ndefu. Niko hai.

Nimesoma barua yako mara nne. Ungekuwa karibu ningekuja nikapiga magoti, kwa goti hilo hilo. Lile nililolifuta mwezi wa nne, acha niliandike bila kulikata.

Nilijua kwamba hamsemeshani. Nyumba ile kuta zake ni kama karatasi. Jumanne jioni kaka alikuja uani kwangu, akakaa juu ya robota la vitambaa, akavua miwani. Akaniambia, "Pindo, nimekosa. Kesho asubuhi nampitia karani anirudishie lile kabati. Mwambie wifi yako aniongeleshe, hata kama ni kunitukana." Nilikuwa nimebana pini mdomoni. Nilitikisa kichwa kwamba nimekubali.

Sikuja kukwambia. Unaweza kudhani nilikuwa na kazi. Sikuwa na kazi ya kunizuia, ni hatua kumi na mbili kutoka uani mpaka jikoni. Ukweli ni huu, na sijawahi kumwambia mtu: siku hizo mbili, kwa vile ulikuwa umemnunia, alikuwa anakuja kukaa kwangu, kama zamani kabla hajaoa. Alinisimulia ya kiwandani, tulivunjika mbavu, alinishikia kitambaa nikikata. Nikasema moyoni, waache wakae hivyo siku moja zaidi, nitamwambia kesho jioni.

Na habari ya karani nilikudanganya. Si kanisa lililoona vizuri kulirudisha. Kaka alimpitia asubuhi ile ile akielekea kazini, akamwomba. Alitimiza alichosema.

Kwa hiyo hakufa akidhani hutamsemesha. Alikufa akidhani ujumbe umefika na unafikiria. Sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi. Nimelala nalo miezi sita na sijui.

Sikustahili kukuomba urudi.

Pindo


Tarehe 14 Julai

Wifi,

Sijapata jibu. Jumatano mbili zimepita. Najipa moyo kwamba gari la mikate limekufa njiani.

Watu wa duara walirudi wenyewe Jumapili, sikuwaalika. Safari hii mama wa duka la dawa ndiye aliyeanzisha, nami niliketi tu. Alimaliza baada ya dakika kumi, ana haraka huyu mama. Nilikaa katika kile kimya nikiwa na jina lako.

Hata kama huandiki, niambie tu umeipata.

Pindo


Tarehe 22 Julai

Pindo,

Gari la mikate ni zima. Barua yako niliipata tarehe tano, ikiwa imelowa pembe moja. Nimekaa nayo siku kumi na saba na sikukujibu kwa makusudi. Jumatano zilipita nikiwa na kalamu na bahasha mezani. Nilitaka usikie inavyokuwa.

Nilikuchukia, wifi. Nilikuwa nakunja shuka nikihesabu zile hatua kumi na mbili. Nilijiuliza mtu anawezaje kula nami meza moja mwezi mzima wa msiba, akanisugua mgongo nilipokuwa siwezi kusimama, huku amebana hilo neno mdomoni. Ukumbini niliimba kama wengine, na ndani nilikuwa natunga barua ambazo ungezisoma ungeacha kushona.

Jumapili iliyopita mzee wa lori alianzisha ule mstari wetu wa zamani. Aliurefusha, unajua anavyoupenda. Tulipofika kwenye kimya nilikuwa sina tena cha kutunga. Nikawa nimekaa tu. Nikamwona kaka yako juu ya lile robota, miwani mkononi, anangoja jibu langu. Nikafungua mdomo. Katikati ya watu thelathini, mchana kweupe, nikasema kwa sauti, "Haya. Nimesikia." Hakuna aliyegeuka. Mzee wa lori alikohoa. Nilikaa pale, na kwa mara ya tatu tangu nifike hapa nilijua simu haijakatwa.

Baada ya sala nilimfuata Mama Mlezi nikamweleza yote, kabati, mswaki, ile simu, na wewe na pini zako. Nilimwambia nataka kupokewa nikae hapa maisha yangu yote yaliyobaki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja aniulize lile swali nililoliogopa. Akaniuliza, "Na huyo wifi yako, umemjibu?" Nikasema bado. Akasema barua zinaondoka Jumatano.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Jumatatu na Jumanne zangu za kaka yako nilikuwa nimezifanya siku kumi na saba kwako, na wewe una miaka hamsini na sita na unaishi peke yako. Kama simu ingepigwa kwenye lile kopo la biskuti, ningesema nini?

Kwa hiyo nakuandikia nikiwa bado nimekasirika, maana nikingoja hasira iishe kwanza naweza kuchelewa tena. Sijakusamehe, nasema ukweli. Nadhani nitakusamehe, nalisikia likija, lakini liko mbali kidogo. Na wewe una ya kunidai, nilikuachia nyumba nzima na kaburi lote la kaka yako ulitunze peke yako, nikaliita hilo kusali.

Sitaomba kupokewa. Nakuja tarehe 31, basi la mchana. Nitaanza kugomba tangu mlangoni, usikimbilie uani. Nawe useme yako yote. Jumapili nitakaa kwenye duara lenu, ila mpima ardhi avae soksi.

Kuna siku nitanyamaza, wifi. Nimeshajijua. Ukiniona nimekaa kimya usipite kimya nawe. Simama mbele yangu uniulize, "Wifi, unasali au umeninunia?" Nami nitakwambia ukweli.

Haloo